Silabi Zilizomezwa

Singapore
6 Juni 1994

Manang Bising,

Usinitumie kanda tena. Hata ile uliyokwisha kuifunga ifungue, urekodi nyimbo za kanisa juu yake, fanya utakalo. Sitaki kusikia sauti yako, dada yangu, ikinifundisha Kiingereza.

Nimesimamishwa kazi. Nakueleza mwenyewe kabla hujaambiwa na watu wetu wa Tigbauan walio huku, midomo yao unaijua.

Wiki iliyopita wodini kwangu kulikuwa na mgonjwa, Bibi Quek, aliyetolewa mawe kwenye nyongo. Alikuwa anajikuna mpaka ngozi inachubuka. Nikampigia simu Dk. Seah, yule niliyewahi kukuandikia habari zake, mtoto wa hapa hapa aliyesoma Edinburgh akarudi na ulimi wa kuazima. Akataja dawa. Aliitaja hivi: "Hai-dr-zin, ishirini na tano." Basi. Mwanzo upo, mwisho upo, katikati hewa. Nami nikamrudishia vilevile, kama kanda zako zilivyonifundisha: "Hai-dr-zin, ishirini na tano." Akasema, "Hiyo hiyo, Sista," akakata simu.

Yeye alitaka haidroksizini, ya muwasho. Mimi nikasikia haidralazini, ya kushusha presha. Yeye kameza, mimi nimemeza, tukakubaliana. Nikampa bibi kidonge. Baada ya chakula cha mchana akainuka kwenda chooni, presha imeshuka, akaanguka na kuvunjika nyonga.

Zamani ningeikata ile dawa vipande kabla ya kuweka simu chini, kipande kwa kipande, kama ulivyotufundisha mezani kwa mama yetu, Nanay. Lakini Matroni Oliveiro alisema nawachosha madaktari. Wenzangu wakaniita Sista Cherehani. Nikipita koridoni, tatatata, tatatata. Ndipo nikakuomba unifundishe kusema kama wao, nawe ukafurahi, ukanirekodia kanda: meza hii, meza ile, bakiza yenye mkazo. Haya. Nimemeza.

Sasa Matroni ana karatasi mezani. Inasema sikuelewa agizo kwa sababu Kiingereza changu hakitoshi. Nikisaini, mambo yanaishia ofisini kwake, narudi nyumbani kimya kimya na leseni yangu. Nisiposaini, yanakwenda kwenye bodi ya hospitali.

Usimwambie Nanay.

Edelyn


Tigbauan, Iloilo
15 Juni 1994

Inday Edelyn, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni mwa darasa, watoto wote wananitazama, nikawafokea bure.

Usisaini. Usisaini hata wakikuletea kalamu ya dhahabu.

Na mengine tuyaseme. Nani aliyeniandikia wakati wa Krismasi, "Manang, nachekwa kila siku, nisaidie"? Nani? Nilikaa na kinasa sauti kile kibovu cha shule, watoto wamekwenda kula, nikirudia maneno mpaka koo likauka, kwa ajili ya mdogo wangu asichekwe. Leo mimi ndiye niliyemwangusha bibi wa watu?

Kwenye kanda nilikufundisha maneno ya maongezi. Temprecha. Laboratri. Komftabo. Nilikwambia umeze silabi za maongezi, sikukwambia umeze silabi za dawa!

Hebu sema kwa mdomo, hapo ulipo. Hai-DROK-si-zin. Hai-DRA-la-zin. Vipande vinne na vinne. Ngumi inapiga meza mahali pamoja, kipande cha pili. Mwanzo wake mmoja, mwisho wake mmoja, uzito wake mmoja. Yanaachana pale katikati tu, na pale ndipo huyo bwana wa Edinburgh anapotia hewa. Dawa kama hizo mtu anayezitaja bila kuzikata vipande hajui Kiingereza, anajua kujidai. Halafu karatasi inasema asiyejua ni wewe!

Kiingereza chako hakitoshi? Kiingereza chako nimekifundisha mimi. Ulikuwa na miaka saba ukikaa chini ya meza ukikata maneno ambayo wanafunzi wangu wa sekondari yaliwatoa jasho. Mtu akiandika kwamba Edelyn Torrefiel hajui Kiingereza amenitukana mimi, na wote niliowafundisha, na marehemu baba yetu, Tatay, aliyeuza nyati wake wa kulimia ili mimi nisomee ualimu.

Nijibu haraka: hujasaini?

Manang wako,
Visitacion


Tigbauan, Iloilo
16 Juni 1994

Kwa Matroni P. Oliveiro
Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali

Bibi Matroni,

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na ni dada wa muuguzi wako Edelyn Torrefiel. Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo.

Nina maswali, nawe ni mtu mzima, utayajibu.

Je, ni kweli muuguzi huyu alikuwa na desturi ya kurudia majina ya dawa kwenye simu, silabi moja moja, mpaka daktari akubali? Je, ni kweli wewe ulimkataza? Ulimkataza kwa sababu gani? Kwamba daktari alichoka kusikiliza? Mgonjwa aliyelala na nyonga iliyovunjika, yeye hajachoka?

Na daktari aliyetaja dawa ya vipande vinne kwa vipande viwili na hewa katikati, yeye amepewa karatasi gani asaini?

Nakuomba usimpe dada yangu karatasi yoyote inayosema hajui lugha. Lugha anaijua. Aliyeidharau si yeye.

Wako,
Visitacion Torrefiel


Singapore
24 Juni 1994

Bi. Torrefiel,

Barua yako nimeipata. Mwenyekiti naye ameipata yake, jambo ambalo halikuwa la lazima.

Si kawaida yetu kujadili wafanyakazi na ndugu zao. Hata hivyo, kwa kuwa umeandika kwa ukali, nakufahamisha kwamba dada yako hakulazimishwa na mtu. Mnamo tarehe 3 Juni alisaini kwa hiari yake maelezo kwamba Kiingereza chake hakikutosha kuelewa agizo la daktari. Saini yake ninayo.

Kwa sababu ya nakala uliyoituma, bodi sasa imeamua kulisikiliza shauri hili rasmi. Matokeo yake hayatakuwa juu yangu.

P. Oliveiro
Matroni


Tigbauan, Iloilo
2 Julai 1994

Edelyn,

Tarehe tatu.

Barua yako kwangu ni ya tarehe sita. Ulikuwa umekwisha kusaini siku tatu nzima, ukaniandikia "nikisaini", "nisiposaini", kama mtu anayeomba ushauri. Nikakaa huku nakupigania kama mwehu. Nimemwandikia matroni wako, nimemwandikia mwenyekiti wake, kumbe naipigania saini ambayo imekauka zamani.

Umeandika kwa mkono wako kwamba hujui Kiingereza. Kwa mkono ule ule niliokuwa naushika nikuongoze herufi.

Kesho nitasimama mbele ya watoto niwafundishe mahali pa mkazo. Nitawaambia nini? Kwamba mimi mwenyewe nimefundisha nyumbani kwangu, na aliyefundishwa ameandika kwamba hakujua kitu?

Visitacion


Singapore
11 Julai 1994

Manang,

Nani alikutuma?

Nasema, nani alikutuma umwandikie Matroni? Nani alikwambia upeleke nakala kwa mwenyekiti? Mimi nilikuandikia wewe. Ningetaka kumwandikia mwenyekiti, namjua anakokaa, mimi ndiye niliyeko Singapore.

Jumatatu niliitwa ofisini. Matroni kaikunjua barua yako mezani kama shuka lenye damu. "Dada yako ana ulimi mkali kuliko wako," akanambia. "Ulikuwa unapanda ndege Ijumaa, mambo yamekwisha. Sasa yameanza." Tiketi yangu imefutwa. Tarehe 25 nasimama mbele ya bodi.

Ndiyo, nilisaini. Ndiyo, nilikuficha, kwa sababu nilijua utafanya hivi hivi ulivyofanya. Unataka kujua kwa nini nilisaini? Kwa sababu nilikuwa nataka kubaki muuguzi. Hapa, kwetu, Brunei, popote. Aliyeshindwa lugha anarudi nyumbani, anajaribu mahali pengine. Aliyekosea dawa anabaki na doa mpaka kaburini. Nikachagua aibu ndogo. Hukuwapo pale kwenye kile kiti cha ofisini kwa Matroni.

Lakini wewe unachokililia si mimi. Nimeisoma barua yako mara nyingi, natafuta mahali unaponiuliza nalala wapi, nakula nini, nalia au silii. Hakuna. Kuna Kiingereza chako, darasa lako, nyati wa Tatay. Mimi nalinda kazi yangu, wewe unalinda jina lako.

Tigbauan nzima inakuogopa, Manang. Watu wazima wenye wajukuu wanakuona sokoni wanasahau walichotaka kununua. Mimi nilikuogopa chini ya ile meza, nikikata maneno huku natazama rula yako. Sikuogopi tena.

Sijui nitakachosema tarehe 25. Nitakachosema kitakuwa changu.

Edelyn


Singapore
30 Julai 1994

Manang,

Sikutaka kukuandikia. Lakini utauliza watu, na watu watakueleza uongo.

Walikuwa watatu mezani, mwenyekiti katikati, mzee mmoja mwembamba asiyeinua macho. Matroni kushoto kwangu, Dk. Seah kulia, kanyoa vizuri, tai ya buluu.

Mwenyekiti akamwambia Dk. Seah, "Tutajie dawa kama ulivyoitaja kwenye simu."

Manang, ungemsikia! "Hai-drok-si-zin," akasema. Kila kipande na nafasi yake, mkazo mahali pake, kama mtangazaji wa habari wa redio. Wewe mwenyewe ungempa alama zote. Wajumbe wakatikisa kichwa kukubali. Mmoja akanigeukia, "Hapo hukuelewa nini, Sista?"

Nikainuka kwenye kiti. Nikasema, "Hapo nimeelewa. Naomba aitaje tena akiwa na haraka, mkono uko tayari kukata simu, na mtu mwingine anamsubiri."

Mwenyekiti akasema, "Hatuko hapa kuigiza."

"Yeye ameigiza, mheshimiwa," nikasema. "Mimi ndiye ninayeombwa nisiigize."

Matroni akanivuta mkono nikae. Nikautoa. Nikamgeukia Dk. Seah mwenyewe, nikamwita kwa cheo chake, nikamwuliza, "Daktari, umewahi hata siku moja kunitajia dawa hivyo?" Kashika tai yake. Nikasema, "Mimi nilikuwa nawatajia ninyi hivyo, kila siku, na mlikuwa mnacheka. Mlinipa jina. Waheshimiwa, mwulizeni Matroni ni jina gani."

Mwenyekiti akainua macho mara ya kwanza. "Jina gani?"

Matroni akakohoa. "Ni utani wa wodini tu."

"Jina gani?"

"Sista Cherehani."

"Na wewe ulimkataza asirudie?"

"Nilimwambia apunguze. Madaktari walilalamika."

"Madaktari gani?"

Akamtazama Dk. Seah. Hakumtaja. Hakukuwa na haja.

Wakaniuliza kama nina la mwisho. Nikasema: kosa nalikubali. Kidonge nilikitoa mimi, kwa mkono wangu, na nilipaswa kumrudisha daktari kwenye simu hata kama angenitukana. Adhabu nipeni. Lakini ile sentensi ya Kiingereza changu naitaka ifutwe, kwa sababu si kweli. Nilipoisaini nilijua si kweli, na walioiandika walijua.

Wameifuta. Mwenyekiti kaikata kwa mstari mbele yangu. Miezi sita sitagusa dawa wala mgonjwa. Nimepelekwa chini, chumba cha mashuka, nakunja kuanzia asubuhi hadi jioni. Dk. Seah kapewa barua ya onyo, na tai yake ya buluu bado inapita koridoni. Matroni hasemi nami.

Usifurahi. Sikuipigania kwa ajili yako.

Edelyn


Tigbauan, Iloilo
9 Agosti 1994

Inday,

Nimefurahi, upende usipende. Nilipofika pale alipotaja dawa kama mtangazaji wa redio niliipiga barua mezani, kikombe kikaruka. Muongo mwenye matamshi mazuri! Nimefundisha matamshi miaka yote hii, sikuwahi kufikiri yanaweza kutumiwa hivyo.

Ulichoniandikia mwezi uliopita nimekisoma. Kimeniuma, na sitasema hakina ukweli. Kuna siku nitakijibu. Leo hasira zangu bado zipo, zako pia najua zipo, tuziache.

Kuna jingine. Kelele zangu na kile kikombe vilimleta Nanay kutoka jikoni. Akasema, "Bising, tangu Juni unaongea peke yako. Mdogo wako kafanya nini?" Nikashindwa kudanganya. Akakaa kizingitini na ungo wake wa kunde, nikamsomea barua zote, za kwako, nakala za zangu, na ile ya matroni nikamtafsiria. Nilisoma kwa ukali, nikipandisha sauti kila mahali palipostahili. Nilidhani atalia.

Nilipomaliza akauliza, "Na yule mama?"

"Mama gani?"

"Aliyeanguka. Anatembea?"

Nikasema haikuandikwa.

"Barua zote hizo?"

"Zote, Nanay."

Akavuta ungo karibu. Akaendelea kuchambua kunde. Mimi nikarudi kuzisoma, nikidhani nimepitiwa. Sikupitiwa. Wewe umeandika alivyoanguka. Mimi nimemtumia kwenye barua yangu kwa matroni kama jiwe la kumrushia mtu. Baada ya hapo hakuna aliyemtaja. Tumegombania neno, Edelyn. Mwenye nyonga hata hatukumwuliza.

Anatembea? Nenda kamwone. Si mimi ninayekuamuru. Ni Nanay.

Bising


Singapore
21 Agosti 1994

Manang,

Mwambie Nanay anatembea kidogo. Anashika fremu ya chuma, kutoka kitandani mpaka dirishani, na kurudi ni lazima ashikwe.

Hakuwahi kutoka hospitali. Yuko wodi ya mazoezi ya viungo, juu ya chumba changu cha mashuka. Muda wote huu mashuka yake yalikuwa yanapita mikononi mwangu, na sikujua, kwa sababu sikuuliza.

Nilipanda jana mchana. Nilikaa kwenye ngazi kwanza, kisha nikaingia. Bibi Quek anasema Kimalei cha sokoni, nami nacho ninacho kidogo, basi hatukuhitaji mkalimani. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye Sista wa kile kidonge?"

"Ndiyo, Bibi."

"Umechelewa."

"Ndiyo, Bibi."

"Daktari alileta maua. Nikampa mfagiaji. Wewe umeleta nini?"

"Sikuleta kitu."

"Afadhali. Kile kidonge kinaitwaje?"

Nikamtajia. Akakunja uso. "Polepole! Mimi sikusoma."

Nikamkatia. Hai. Dra. La. Zin. Akanifuata kwa midomo yake isiyo na meno, kipande kwa kipande. Kisha akauliza, "Na kile nilichotakiwa kupewa?"

Hai. Drok. Si. Zin.

Akayarudia yote mawili, moja baada ya lingine, kisha tena. Akanikazia macho. "Hayafanani," akasema. "Bibi kizee nisiyejua hata kuandika jina langu, nasikia hayafanani."

Manang, mbele ya bodi nilikuwa na maneno. Hapo nilisema tu, "Kweli, Bibi, hayafanani."

Kisha akaanza. Alinitukana, Manang, kwa Kimalei, na Kimalei kilipomwishia akahamia Kihokkien, Kichina cha kwao, ambacho sikijui lakini nilikielewa. Kwamba mjukuu wake kaoa mwezi wa saba na yeye hakupika. Kwamba kwa miaka yote alipanda ngazi za nyumba yake na kikapu cha soko kichwani, na sasa anapelekwa chooni na wasichana wanaoongea juu yake kama hayupo. Kwamba mwanawe wa kike kachoka naye, anajificha asionekane kachoka, na yeye anaona. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajifanya amelala. Muuguzi wa zamu alichungulia, akataka kunitoa, bibi akamfukuza kwa mkono.

Sikujitetea. Sikumtaja Dk. Seah wala Matroni. Nilisimama tu.

Mwishowe sauti ikamkauka. Nikampa maji, akanywa, akanirudishia kikombe bila kunitazama.

"Nenda," akasema. "Nimechoka. Lakini sijamaliza na wewe. Njoo Jumamosi ijayo, nitakuwa nimepata nguvu."

Nimebadilishana zamu na mwenzangu. Jumamosi nakwenda.

Edelyn